Lugha Rasmi Katika Mji wa Mpakani: Kisa cha Kinheengatu Huko São Gabriel da Cachoeira

Suala la lugha rasmi kwa kawaida hujadiliwa kana kwamba ni jambo la mabunge na makao makuu ya dola. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyokipandisha Kiswahili kikawa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na kwingineko duniani mambo huenda vivyo hivyo: uamuzi hutoka juu ukawashukia wananchi. Ni nadra kusikia kwamba diwani wa mji mdogo ulio mpakani amesimama barazani akapendekeza lugha za wenyeji ziwe lugha za serikali ya mahali pale, na pendekezo likapita likawa sheria. Jambo hilo lilitokea tarehe 11 Desemba 2002 huko São Gabriel da Cachoeira, kaskazini-magharibi mwa Brazili. Makala haya yanakieleza kisa hicho, na hasa yanashughulikia upande wake ambao aghalabu hauguswi na wanaokisifu. Mojawapo ya lugha zilizoheshimiwa siku ile, yaani Kinheengatu, hapo awali haikuwa lugha ya mtu yeyote wa mto ule. Ilipandishwa mtoni na walewale waliowateka na kuwatawanya wenyeji.

Yafaa kwanza mahali penyewe paeleweke. São Gabriel umejengwa ukingoni mwa mto Rio Negro, karibu kabisa na mstari wa ikweta, mahali ambapo maji yanapita kwa kishindo juu ya miamba. Neno la Kireno "cachoeira" lina maana ya maporomoko ya maji. Hakuna barabara inayouunganisha mji huo na Manaus, mji mkuu wa jimbo la Amazonas. Msafiri hupanda ndege, au huabiri mashua kwa siku tatu au zaidi. Mto ukifuatwa zaidi kuelekea juu hufika Cucuí, ambako mipaka ya Brazili, Kolombia na Venezuela inakutana. Mji ni mdogo, lakini manispaa inayotawaliwa kutoka hapo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 109,000, nalo ni kubwa kuliko Ureno yenyewe, nchi iliyoipelekea Brazili lugha yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 51,795, na zaidi ya 90 katika kila 100 ni wenyeji. Lugha zinazosemwa katika manispaa hiyo zakaribia ishirini, nazo ni za jamii mbalimbali zisizo na uhusiano wa nasaba: Kiarawak, Kitukano cha Mashariki, Kinadahup, Kiyanomami, na Kitupi kwa njia ya Kinheengatu.

Asili ya Kinheengatu iko mbali sana na hapo, kwenye pwani ya bahari ya Atlantiki. Wareno walipofika mwaka 1500 walikuta sehemu kubwa ya pwani ikikaliwa na watu waliosema lugha za Kitupi zilizokaribiana mno. Wajesuiti walitambua upesi faida ya jambo hilo. Sarufi ya José de Anchieta, iliyochapishwa Coimbra mwaka 1595, ilijitambulisha tangu anwani yake kuwa ni sarufi ya lugha iliyotumika zaidi katika pwani ya Brazili. Msomaji wa historia ya Kiswahili hatashangaa: mmisionari afikapo pwani huikamata lugha ya pwani, huitilia sarufi, kisha huitumia kama ngalawa ya kumfikisha bara. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilipopelekwa bara wenyewe wa pwani walikuwa wangali hai na wenye kukisema. Watupinamba wa pwani ya Brazili walikuwa wakiangamizwa kwa vita, utumwa na ndui wakati uleule lugha yao ikienezwa kwa wengine.

Baada ya Wareno kujenga ngome ya Belém mwaka 1616 kwenye mlango wa mto Amazon, lugha hiyo iliingia msituni. Ilikuja kuitwa kwa Kireno "língua geral", yaani lugha ya watu wote. Mwaka 1689 Mfalme wa Ureno aliiafiki kwa barua yake kuwa lugha ya kazi ya misheni katika makoloni ya kaskazini. Watu waliosema lugha nyingi tofauti walishushwa kutoka mito ya juu, wengine kwa ushawishi na wengi kwa nguvu, wakakusanywa katika vijiji vya misheni, na humo wote wakafundishwa lugha moja. Watoto waliozaliwa vijijini humo waliikua nayo. Hata watoto wa walowezi wa Kireno, ambao mama zao aghalabu walikuwa wenyeji, waliijua kabla ya kukijua Kireno.

Katika Rio Negro biashara ya watumwa ilikuwa ya kikatili mno. Vikosi vilipanda mto kwa kisingizio cha kuwakomboa mateka wa vita vya wenyeji, na vikarudi na mitumbwi iliyojaa watu. Wamanao, ambao jina lao limebaki katika jina la mji wa Manaus, walipigana na Wareno katika miaka ya 1720 chini ya kiongozi wao Ajuricaba. Alikamatwa mwaka 1727, naye akiwa katika minyororo alijitupa mtoni asipate kufikishwa Belém. Baada ya kushindwa kwa Wamanao mto wa juu ulibaki wazi. Ndui na surua zikamaliza kazi iliyoanzwa na bunduki. Wabare, ambao lugha yao ilikuwa ya jamii ya Kiarawak, walitawanyika katika misheni na mashamba ya mto huo, na vizazi vyao vikaiacha lugha ya wazee vikashika ile ya misheni. Ngome ya Wareno iliyojengwa penye maporomoko mwanzoni mwa miaka ya 1760 ndiyo chanzo cha mji wa São Gabriel.

Wakati ngome hiyo ikijengwa, sera ya lugha ilikuwa tayari imegeuzwa juu chini. Agizo la mwaka 1757, maarufu kwa jina la Diretório, lililotungwa chini ya gavana Francisco Xavier de Mendonça Furtado, ndugu yake Waziri Pombal, liliipiga marufuku língua geral shuleni na kuamuru Kireno. Hoja yake ni ya kukumbukwa na kila mwanafunzi wa siasa ya lugha: mataifa yanayoshinda mengine huwapa walioshindwa lugha yao ili kuwafunga kwa utii, na waliotawala Brazili mwanzoni walikosea kwa kuwaacha watu wasema lugha isiyo ya Mfalme. Agizo hilo liliishutumu lugha ya misheni kwa maneno makali, kana kwamba ni kazi ya Ibilisi. Mwaka 1759 Wajesuiti wenyewe walifukuzwa.

Marufuku hayo hayakuiua lugha. Walimu wa Kireno hawakuwako, na watu wa mto waliendelea kuuziana samaki, unga wa muhogo na mapenzi kwa lugha waliyoijua. Karne moja baadaye, mtaalamu wa viumbe Mwingereza Alfred Russel Wallace alisafiri katika Rio Negro na Uaupés kati ya mwaka 1850 na 1852, akahitaji língua geral ili aeleweke. Kitabu chake cha mwaka 1853 kina orodha za msamiati wa lugha za bonde hilo. Kilichoidhoofisha lugha hiyo katika bonde zima la Amazon kilikuwa damu na uchumi. Uasi wa Cabanagem, uliodumu toka 1835 hadi 1840, ulikandamizwa kwa mauaji ya makumi ya maelfu ya watu, na wengi wao walikuwa wasemaji wake. Kisha ukaja utomvu wa mpira. Ukame wa mwaka 1877 uliwasukuma wakulima wa Ceará kuingia msituni kutafuta kazi, nao walikuja na Kireno. Kabla ya karne kwisha Manaus na Belém zilikuwa miji ya Kireno, na língua geral ikarudi nyuma kuufuata mto, mpaka ikabaki hasa katika Rio Negro ya juu. Hata jina Nheengatu, lenye maana ya "lugha njema", lilienea nyuma sana, baada ya kitabu cha Couto de Magalhães cha mwaka 1876. Wasemaji wa Venezuela bado huiita Yeral, na humo jina la zamani la Kireno lasikika.

Lugha haisafiri umbali huo wote bila kubadilika. Kitupinamba cha Anchieta kilikuwa na "sisi" mbili, moja ya kumjumuisha msikilizaji na nyingine ya kumtenga. Kinheengatu kimebaki na moja tu, "yandé". Wingi wa nomino huonyeshwa kwa "-itá" mwishoni. Kitenzi hubeba nafsi mbele kama kilivyo cha Kibantu: "amunhã" ni "nafanya", "remunhã" ni "unafanya", na "umunhã" ni "anafanya". Mswahili atakayejifunza lugha hiyo atapotezwa kwanza na viambishi hivyo, kwa kuwa "a-" ya huko ni nafsi ya kwanza na "u-" ni nafsi ya tatu. Kuna pia neno dogo "paá", ambalo msemaji hulitia katika sentensi akionyesha kwamba habari aliisikia kwa watu wala hakuiona mwenyewe. Neno hilo linaafikiana vizuri na desturi ya lugha jirani, kama itakavyoonekana hapa chini.

Karne ya ishirini iliwaleta Wasalesiani, waliofika Rio Negro mwaka 1915. Walijenga makanisa, hospitali na shule za bweni huko São Gabriel, Taracuá, Iauaretê na Pari-Cachoeira. Nyumba kubwa za pamoja, ambazo ndani yake ukoo mzima uliishi na kufanya sherehe zake, zilibomolewa kwa kuwa mapadre waliziona kuwa maskani ya ushetani. Watoto walitengwa na wazazi, na lugha zao zikakatazwa bwenini. Mfumo wa mabweni ulidumu hadi miaka ya 1970 na 1980. Wasomaji wa Kenya waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama hawahitaji maelezo zaidi.

Hapa yapasa kusimama kidogo kuhusu mto Uaupés, tawi la Rio Negro, kwa sababu ndoa ya huko ni ndoa ya lugha. Miongoni mwa wengi wa watu wa Kitukano cha Mashariki, mtu humhesabu ndugu yake kuwa ni yule asemaye lugha ya baba yake, na kumwoa mtu wa lugha moja nawe ni sawa na kumwoa dada. Kwa hiyo kila mke hutoka kwenye lugha nyingine, na mtoto hukua akisikia lugha ya baba, ya mama, za shangazi na za wake wa ami zake. Arthur Sorensen alipolieleza jambo hilo katika makala yake ya mwaka 1967, aliwashangaza wanaisimu waliozoea kudhani kwamba jamii moja huwa na lugha moja. Mabweni yalivuruga mpango huo. Watoto wa lugha nyingi walipowekwa pamoja, Kitukano, lugha ya kundi kubwa, kilizimeza nyingine. Watariana, ambao ni wa nasaba ya Kiarawak, leo wengi wao husema Kitukano, na wanaokijua Kitariana ni wachache mno. Sarufi yake iliyotolewa na Alexandra Aikhenvald mwaka 2003 inaonyesha jinsi lugha hiyo ilivyofinyangwa na jirani yake hata katika mofolojia ya kitenzi.

Siasa mpya ilianza mwaka 1987, wenyeji walipounda FOIRN, shirikisho la vyama vyao vya Rio Negro, wakati serikali ya nchi ilipokuwa ikiongeza majeshi na miradi mpakani. Katiba ya Brazili ya mwaka 1988 ilitangaza katika kifungu cha 13 kwamba Kireno ndicho lugha rasmi ya Jamhuri, lakini kifungu cha 231 kilitambua lugha na desturi za wenyeji, na kile cha 210 kikaruhusu lugha ya mama katika elimu ya msingi. Mwaka 1998 ardhi tano za wenyeji zinazopakana zilipimwa na kuwekewa mipaka, jumla yake ikiwa zaidi ya hekta milioni 10. Mpangilio huo wa mambo una maana: ardhi ilitangulia, lugha ikafuata.

Pendekezo la sheria lilitayarishwa na FOIRN pamoja na IPOL, taasisi ya siasa ya lugha iliyokuwa ikiongozwa na mwanaisimu Gilvan Müller de Oliveira. Hoja ya kisheria ilikuwa nyepesi na ya werevu. Katiba inasema Kireno ni lugha rasmi ya Jamhuri, wala haisemi kwamba manispaa haiwezi kuwa na nyingine. Na kifungu cha 30 kinaipa manispaa uwezo wa kutunga sheria kuhusu mambo ya mahali pake. Diwani Camico Baniwa aliupeleka mswada barazani, nao ukawa Sheria namba 145 ya mwaka 2002. Kinheengatu, Kitukano na Kibaniwa vikawa lugha rasmi kando ya Kireno. Manispaa ilitakiwa kutoa huduma za msingi na matangazo yake kwa lugha hizo, kwa mdomo na kwa maandishi, na kuhimiza ufundishaji wake shuleni. Tendo la serikali likiandikwa kwa mojawapo ya lugha hizo lina nguvu kamili, na mtu hawezi kubaguliwa kwa sababu ya lugha anayotumia. Hiyo ilikuwa manispaa ya kwanza ya Brazili kufanya hivyo.

Kwa nini lugha tatu kati ya ishirini? Jibu limo katika mito. Kinheengatu ni lugha ya Rio Negro yenyewe, ya mto Xié na ya Içana ya chini. Kitukano ni cha Uaupés na Tiquié. Kibaniwa ni cha Içana ya juu na Aiari. Kila lugha ilichaguliwa kwa kuwa watu wa sehemu yake walikuwa wakielewana kwayo. Kwa mtazamo wa utawala uchaguzi huo hauna kasoro. Kwa mtazamo wa historia una uchungu, maana Kinheengatu na Kitukano zilipata ukubwa huo kwa kuzila lugha nyingine. Kibare, kilichoelezwa na Aikhenvald mwaka 1995 kutoka vinywani mwa wasemaji wake wa mwisho, hakikuwa na mtu wa kukisemea barazani. Wabare wenyewe walisimama kukitetea Kinheengatu, na ni vigumu kuwalaumu. Lugha waliyolazimishwa babu zao ndiyo pekee iliyobaki ya kuwatofautisha na "kariwa", yaani Mzungu, na bila hiyo serikali ilikuwa tayari kuwaambia kwamba wao si wenyeji tena bali ni Wabrazili maskini wa kando ya mto. Yule anayesema kwamba Kinheengatu si lugha "halisi" ya Wabare anarudia bila kujua hoja ambayo maofisa waliitumia kuwanyima ardhi.

Utekelezaji ulikwenda polepole. Kanuni za kuitumia sheria zilipitishwa mwaka 2006, miaka minne baadaye. Wafasiri walikuwa wachache na fedha chache zaidi. Mwaka 2008 wapiga kura walimchagua Pedro Garcia, Mtariana, kuwa meya, na André Baniwa kuwa naibu wake, wenyeji wa kwanza kushika vyeo hivyo hapo; ila karatasi za ofisini ziliendelea kuwa za Kireno. Palikuwa pia na tatizo la tahajia. Wabaniwa wengi walijifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti walioingia kutoka Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1940, na wengine kwa Wakatoliki, kila upande ukiwa na herufi zake. Jina la Kinheengatu lenyewe huandikwa kwa namna tatu au nne.

Tatizo lingine ni la ndani zaidi, nalo lawahusu wafasiri. Katika Kitukano msemaji hawezi kumaliza kitenzi bila kuonyesha alivyoijua habari: kwa kuona, kwa kusikia au kuhisi, kwa kukisia kutokana na dalili, au kwa kuambiwa. Tangazo la Kireno husema tu kwamba chanjo ilitolewa, au kwamba ushuru ulilipwa. Mfasiri wa Kitukano hana budi kuamua manispaa iliona, ilikisia au iliambiwa, na uamuzi wake humfunga mtoa tangazo kwa namna ambayo Kireno hakikumfunga. Hilo si jambo la kamati ya msamiati. Ni jambo la mwandiko mpya wa serikali, na mwandiko wa namna hiyo hukomaa tu kwa kutumiwa miaka mingi. Kozi ya walimu wenyeji iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Amazonas, yenye makundi ya Kinheengatu, Kitukano na Kibaniwa, ilifanya kazi kubwa kwa kuwalazimisha wanafunzi kuandika hoja ndefu katika lugha hizo, jambo ambalo sheria peke yake isingeliweza.

Mfano wa São Gabriel ulienea. Tacuru, mji mwingine mdogo ulio karibu na mpaka wa Paraguay, ulikifanya Kiguarani rasmi mwaka 2010. Manispaa ya Bonfim, mpakani na Guyana, iliziongeza Kimakuxi na Kiwapixana mwaka 2014. São Gabriel yenyewe ilikiongeza Kiyanomami mwaka 2017. Tarehe 19 Julai 2023 Rais wa Mahakama Kuu ya Brazili, Rosa Weber, alikwenda São Gabriel kuzindua tafsiri ya Katiba ya nchi kwa Kinheengatu, iliyofanywa na wenyeji 15 wajuao lugha mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Katiba hiyo kutolewa katika lugha ya wenyeji. Wakati uleule jimbo la Amazonas lilitangaza lugha 16 kuwa rasmi. Kitariana kimo katika orodha hiyo.

Kihup hakimo. Wahup huishi katika misitu kati ya Tiquié na Uaupés, na majirani zao wa Kitukano kwa muda mrefu wamewatazama kwa dharau kama watu wa porini. Siku hizi hushuka mtoni mpaka São Gabriel kutafuta vyeti vya kuzaliwa na fedha za msaada wa serikali, hupiga kambi kando ya maji kwa majuma kadhaa, na ofisini hukuta Kireno ambacho wengi wao hawakijui vizuri. Lugha yao haimo katika sheria ya mwaka 2002 wala ya 2023, na watoto wao karibu wote huanza kusema kwa Kihup. Mtaani juu ya kambi hizo, katika nyumba za Wabare ambao Katiba imefasiriwa kwa lugha yao, babu na bibi husemezana kwa Kinheengatu, na mara nyingi wajukuu huwajibu kwa Kireno.